Picha ya Sadaka na Uso wa Bibi



Ndugu zangu katika imani, leo naanza kwa kukiri kosa langu. Ramadhani iliyopita hapa Chitete tuligawa unga na mafuta kwa wajane. Mfadhili alitaka ushahidi, na ni haki yake, kwani mali ni amana. Nikatoa simu, nikaiweka kwenye ile hali inayofifisha nyuma, nikampiga picha bibi mmoja akipokea mfuko wake. Uso ukatoka safi, hata makunyanzi yalihesabika. Nyuma yake watu wote ukungu mtupu. Nikaiona nzuri, nikaituma hapa hapa.

Siku ya tatu bibi akanijia baada ya Alasiri. Hakugomba. "Sheikh, mwanangu ana kibanda Tunduma, kule mpakani. Wenzake wamemwonyesha picha yangu. Wanamuuliza, mama yako siku hizi anaomba?"

Nikakosa jibu. Niliifuta jioni ile, lakini utaifuta kwenye simu za watu wangapi?

Katika Surat Al-Baqarah, aya ya 264, tumekatazwa kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na udhia. Nimeihutubia aya hii mara nyingi. Sikuwahi kufikiri kwamba udhia unaweza kupitia kwenye kamera.

Nikamfuata kijana mmoja anayepiga picha za harusi. Akaniambia, "Sheikh, wewe ndiye unayechagua kipi kionekane." Lenzi ina tundu. Likifunguliwa sana, namba inakuwa ndogo, kama 1.8, na kinachotoka wazi ni ukanda mwembamba tu wa umbali. Kilicho mbele au nyuma ya hapo kinafifia. Likibanwa, namba 11 au 16, karibu kila kitu kinaonekana. Na kadiri unavyokisogelea unachokilenga, ndivyo ukanda ule unavyozidi kuwa mwembamba.

(Vijana wetu wanadhani elimu hii imekuja na simu. Ibn al-Haytham wa Basra, miaka 1,000 hivi iliyopita, alichunguza mwanga wa jua lililopatwa ukipita tunduni: tundu likiwa dogo, umbo la hilali linaonekana, likiwa kubwa, linapotea.)

Sasa, kamera ya simu ni ndogo, kwa hiyo ukungu ule mwingi hutengenezwa na programu. Ndiyo maana mara nyingine hula ukingo wa kofia. Na kwenye baadhi ya simu, mwenye picha ya asili anaweza kuuondoa ukungu baadaye. Msiutegemee kuwa ndiyo sitara.

Mimi sasa naisogeza simu karibu na mikono, kama shibiri mbili, nagusa mikono kwenye kioo ili ndiyo ilengwe, na mtu mwenyewe anabaki nyuma. Hata hivyo, kijijini watu wanajuana kwa kanga na mkongojo, uso ufifie usififie. Salama zaidi ni uso usiingie kabisa. Mfadhili anahitaji kuona mifuko na orodha yenye sahihi, basi.

Ijumaa iliyopita tuligawa tena. Kabla sijatuma picha, nikampa bibi aione. Akaishika simu mbali, kama wazee wanavyofanya.

"Na mimi niko wapi hapo?"

Nikamwonyesha mkono ulioshika mfuko.

"Huo ndio wangu? Mbona umezeeka hivyo!" Akacheka. "Haya, tuma."

Wabillahi tawfiq.