Nakuru: Ujue mti kabla ya kuushika

Msomaji, ukifika Nakuru na watoto, usikimbilie heroe wa ziwani peke yao. Miti ya huko nayo ina mengi ya kusema.

Anzia juu, Menengai. Tafuta kichaka chenye majani ya kijivu. Okota jani lililoanguka, ulisugue kiganjani, kisha ulinuse: ni harufu ya kafuri. Hiyo ndiyo leleshwa. Ligeuze jani, chini ni jeupe, limejaa vinyweleo.

Sasa shuka mbugani, kando ya ziwa. Mgunga wa gome la manjano utaujua pia kwa miiba yake: myeupe, iliyonyooka, miwili miwili. Mgunga wenye miiba iliyopinda kama ndoano mara nyingi ni wa jamii nyingine.

Upande wa mashariki kuna msitu wa yuforbia, miti yenye matawi kama kinara cha mishumaa. Wengi huudhania mpungate. Sivyo! Mpungate asili yake ni mabara ya Amerika na kwa kawaida hautoi maziwa. Yuforbia ukijeruhiwa hutoa maziwa meupe, nayo yakiingia jichoni yaweza kupofusha. Mwonyeshe mtoto kwa macho, si kwa mikono.

Ndani ya mbuga usichume wala kuokota kitu. Nje, okoteni majani yaliyoanguka, myalaze ndani ya gazeti chini ya kitabu kizito, na kila jani liandikiwe mahali na tarehe. Hata gazeti hili, ukishalisoma, litafaa.