Moshi wa Tanuri Tupu

Ushuhuda kwetu una mwendo wake. Mtu anasimama, anasema "Bwana asifiwe," anaeleza alipokuwa, anaeleza alipotolewa, kwaya inapokea. Katikati hapo hupitwa mbio, kwa sababu katikati hapana vigelegele. Mimi nitakaa katikati, maana ndiko miaka yangu ilikokwenda.

Kazi yangu ni historia ya Uyahudi wa kale na chimbuko la Ukristo, tangu siku za Wamakabayo hadi marabi walipoikusanya Mishna, mkusanyo wa mapokeo yao ya sheria, karibu mwaka 200. Ni kazi ya kusoma Kiebrania, Kiaramu na Kiyunani kwa miaka mingi kabla hujaruhusiwa kuwa na maoni. Ajira zake ni chache dunia nzima, na kwetu ni chache zaidi. Nililijua hilo nilipoanza. Kilichonivuta ni kitabu cha msomi Geza Vermes cha mwaka 1973, kilichomsoma Yesu kama Myahudi wa Galilaya na kumweka karibu na wachamungu wengine wa Kiyahudi: Honi aliyeombea mvua katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, na Hanina ben Dosa aliyeombea wagonjwa katika karne iliyofuata. Mimi ni binti wa Dodoma. Nimekua nikitazama mawingu ya Desemba yakipita bila kushuka, kwa hiyo Honi ndiye aliyenikamata kwanza.

Habari yake imo katika Mishna. Watu walimwendea awaombee mvua. Akawaambia kwanza waingize ndani matanuri yao ya Pasaka, yaliyokuwa ya udongo, yasije yakalowa na kuharibika. Akaomba, mvua haikuja. Akachora duara, akasimama ndani yake, akaapa hatoki mpaka Mungu awahurumie wanawe. Yakaja manyunyu. Akasema sikuomba haya. Ikaja mvua ya kubomoa. Akasema wala si hiyo. Ndipo ikanyesha mvua ya heri, ikaendelea hadi watu wa Yerusalemu wakapanda Mlima wa Hekalu kuikimbia. Shimon ben Shetach, mmoja wa wakubwa wa Mafarisayo wa wakati ule, akampelekea ujumbe kwamba asingekuwa Honi angemtenga.

Niliwahi kuwasimulia hayo akina mama wa usharika wetu katika semina. Waliuliza habari za matanuri kabla ya habari za mvua: yalikuwa mazito kiasi gani, na nani aliyabeba. Mama mmoja akasema anayeanua vyombo kabla wingu halijaonekana, huyo ndiye mwenye imani. Nimehudhuria mikutano ya wasomi tangu hapo, sijasikia ufafanuzi wa kuuzidi huo. Lakini palikuwa na wengine waliotoka pale wakisema nimefundisha kwamba Yesu alikuwa mwombaji kama waombaji wengine tu. Sikusema hivyo. Vermes naye hakusema hivyo. Kwake Yesu aliwapita mbali Honi na Hanina. Maneno yakishatoka nje ya ukumbi, hata hivyo, hayana mwenyewe.

Yalinifuata Ubelgiji, nilikokuwa nimeanza shahada ya uzamivu. Barua ilisema walionidhamini wanasitisha ufadhili kwa sababu ya mafundisho yanayochanganya waumini. Ilikuwa aya moja, muhuri, saini. Karo ya mwaka ilikuwa haijalipwa, kibali cha ukaazi kilikuwa kinakaribia kwisha, na pango lilitaka fedha mwisho wa mwezi kama kawaida yake.

Nikapata kazi ya usiku katika dobi la hospitali. Mashuka yalikuja yamefuliwa, mazito, yamejiviringa. Wawili tunalikunjua shuka moja, kila mmoja ana pembe zake, tunaliingiza kwenye roli za moto, linatokea upande wa pili limenyooka kama karatasi. Joto lile hukausha macho. Nilikuwa na vipande vya kadi mfukoni, kila kimoja na mstari wa Mishna kwa Kiebrania. Nilibandika kimoja juu ya mashine, nikawa naurudia mstari kwa sauti, kwa kuwa roli zilinguruma na hakuna aliyesikia. Wale wa kale nao walijifunza hivyo, kwa kukariri na kurudia. Mstari mmoja ulikuwa wa Hanina: alipowaombea wagonjwa alisema huyu ataishi, huyu atakufa, na alijua kwa jinsi maneno ya sala yalivyomtiririka kinywani au kumkwama. Kuyatamka hayo huku umeshika mashuka ya wodini si sawa na kuyasoma maktabani. Kuna mashuka niliyoyapokea nikijua yametoka wapi.

Nyumbani hawakujua. Jumapili nilivaa koti langu zuri, nikapigwa picha mbele ya kanisa kuu la mji, nikaituma. Ndugu wakajibu kwa mapenzi, kisha wakaanza: ada ya mpwa, mabati ya shangazi. Mama alipopiga simu nilimwambia masomo yanaendelea vizuri. "Na unakula, mwanangu?" Nakula, mama. Nilikuwa nakula mkate na dengu, na siku nyingine mkate.

Wakati huo tasnifu ilinifikisha kwenye Talmudi, mkusanyo wa marabi wa baada ya Mishna, penye habari za umaskini wa huyo Hanina. Inasemekana aliishi kwa kibaba kimoja cha maganda ya mharubu kutoka Ijumaa hadi Ijumaa, maganda ya jamii ile aliyotamani mwana mpotevu katika Luka. Mkewe, ambaye Talmudi haikumpa hata jina, alikuwa akiwasha tanuri kila jioni ya kuamkia Sabato na kutupia humo kitu cha kutoa moshi, ili majirani wasijue hapana mkate. Jirani mmoja mbaya akashuku, akaja kuhakikisha. Mke wa Hanina akaona haya, akakimbilia chumba cha ndani.

Nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea. Nilikuwa nimeusoma ukurasa huo zamani, kama mtu anayekusanya ushahidi wa hoja zake. Safari hii nilimwona mtu. Moshi nilioufukiza mimi ulipitia kwenye simu, basi.

Habari inaendelea kwa muujiza: jirani akakuta tanuri limejaa mikate, akaita, leteni koleo, mkate unaungua! Wahubiri wetu wakiipata sehemu hiyo wataipenda mno. Mimi nilibaki kwenye moshi. Ijumaa ngapi zilipita bila jirani na bila mkate, Talmudi haikuhesabu.

Kwa Vermes nilirudi kwa sababu nyingine. Niliazima kitabu alichoandika juu ya maisha yake. Alizaliwa Makó, Hungaria, mwaka 1924, katika familia ya Kiyahudi. Akiwa mtoto alibatizwa Mkatoliki pamoja na wazazi wake. Ubatizo haukuwaokoa wazazi: waliangamizwa mwaka 1944, katika maangamizi yaliyomeza mamia ya maelfu ya Wayahudi wa nchi ile. Yeye alifichika chini ya ulinzi wa watu wa Kanisa. Vita vilipokwisha, Wajesuiti na Wadominiko hawakumpokea, kwa sababu ya asili yake. Shirika la Mapadre wa Bibi Yetu wa Sayuni likampokea, akasoma Leuven, akapata uzamivu mwaka 1953 kwa tasnifu juu ya hati za Qumran, zilizokuwa zimeanza kupatikana mwaka 1947 tu. Huko Paris yeye na wenzake, Paul Démann na Renée Bloch, walipigana na chuki dhidi ya Wayahudi ndani ya mafundisho ya Kanisa. Bloch akafa mwaka 1955, ndege aliyopanda ilipotunguliwa Bulgaria. Mwaka 1957 Vermes aliacha upadre, akahamia Uingereza, akaanza kufundisha Newcastle, kisha akaoa. Oxford ilimchukua mwaka 1965. Baadaye alijihesabu tena Myahudi. Alifariki mwaka 2013.

Wapo wanaoyasimulia maisha hayo kama ngazi, kila msiba ukiwa kipago cha kumpandisha. Mimi hiyo ngazi siioni. Hakuna kiti cha Oxford kinachofidia baba na mama. Ninachokiona ni mtu aliyefunguliwa mlango akaingia, akafungiwa akaketi kizingitini, na huko kote alikuwa na ukurasa wa kumaliza. Miaka ya 1972 na 1973 alichapisha makala mbili ndefu juu ya Hanina ben Dosa. Nilizisoma mstari kwa mstari, na katika tasnifu nikabishana naye mahali pawili. Kubishana na mtu wa namna ile kulinipa nguvu kuliko kufarijiwa.

Mzee aliyenisimamia hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja, katikati ya maswali kuhusu tarehe za Galilaya, aliuliza ninalala saa ngapi. Nikamweleza yote. Hakunipa pole, alichukua simu, na kabla sijatoka ofisini kwake alikuwa ameomba niruhusiwe kulipa karo kidogo kidogo. Jioni ile nikampigia mama, nikamweleza na yeye. Alinyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Kumbe na wewe ulikuwa unapika mawe."

Aliwapelekea habari akina mama wa ile semina. Wakaunda kamati ya mchango, kama ya harusi, na mhasibu wake. Fedha zikawa zinaingia kwa simu, elfu mbili, elfu tano, mmoja mia nane. Hazikufikia karo, ila kibali cha ukaazi zililipia. Dobi niliendelea nalo hadi wiki ya kutetea tasnifu.

Nimerudi. Walionisitishia ufadhili hawajaniita, nami sijabisha hodi. Nafundisha chuo kimoja kwa mkataba wa muhula, nalipwa kwa vipindi, na deni la karo bado lipo. Muhula huu tunasoma habari za Hanina na wanafunzi wachache wenye Kiebrania cha kusuasua. Wiki iliyopita tulifika pale mkewe anapochoka na umaskini, akamwambia aombe. Akaomba, mkono ukashuka ukampa mguu wa meza wa dhahabu. Usiku mke akaota wenye haki peponi wanakula kwenye meza za miguu mitatu, na meza yao wao ina miguu miwili. Akamwambia mumewe aombe urudishwe, ukarudishwa.

Darasa likagawanyika. Binti mmoja, mama wa watoto wawili, alisema yeye angeuuza usiku uleule, ndoto ikija ikute ada imeshalipwa. Nikamwambia Talmudi imejaa mabishano ya namna hiyo, na kwamba neno lake bado halijaingia. Aliandike, aweke hoja zake na za upande wa pili, aniletee Jumatatu.