Shuka la Mama na mkasi wa fundi

Wadau, nilipotea kidogo. Nilikuwa Kibaoni, kwetu Katavi, kijiji ambacho wengi wenu mmekisikia kwa sababu ya Mzee Pinda tu. Ukitoka Mpanda unapita Sitalike, unawaona viboko mtoni, unapigana na mbung'o ndani ya hifadhi, ndipo unafika. Nilikwenda kwenye harusi ya dada yangu. Nyumbani nikakuta msiba wa shuka!

Shuka lenyewe Mama alilidarizi kwa mkono miezi saba, jioni akishatoka shamba. Maua katikati, tausi wawili kwenye pembe za miguuni. Macho yake siku hizi yanasumbua, na nadhani alijua kwamba baada ya hilo hatadarizi jingine. Cherehani hana. Kwa hiyo alimpelekea fundi amalizie: akunje pindo, azungushie lesi.

"Nimalizie vizuri." Hayo ndiyo maneno yote aliyoacha pale.

Fundi akakuta shuka limevutika, upande mmoja mrefu kuliko mwingine. Akalinyoosha kwa mkasi. Mkia wa tausi mmoja ukaenda na kipande.

Mama hakugomba. Alilipa, akaondoka, na tangu siku hiyo akaacha kumsalimia. Hilo ndilo lililoniuma, maana fundi huyo ndiye aliyenishonea kaptula yangu ya kwanza ya shule.

Nikamfuata. Shikamoo, marahaba. Nilishajiandaa kumbana maswali kama kawaida yetu waandishi, lakini akanijibu taratibu: "Mwanangu, niliona halijanyooka. Sasa nimwite mama yako, mtu mzima yule, nimwambie kazi yake imepinda?"

Niliporudi nikamuuliza Mama mbona hakumwonyesha mahali pa kutogusa. Akanitazama: "Mimi nimfundishe fundi kazi?"

Mnaona jamani? Kila mmoja alinyamaza kwa kumheshimu mwenzake, na tausi akakosa mkia.

Nisijifanye mjanja. Nimewahi kumnunia mhariri wangu wiki nzima kwa kukata aya ya mwisho ya makala. Sikuwa nimemwambia kwamba aya ile ndiyo iliyobeba habari yote. Naye hakuniuliza, kwa kuwa ukurasa ulikuwa umejaa na saa zimekwisha.

Kesho yake nikamshawishi Mama turudi wote wawili. Kipande kilikuwa bado kwenye kiroba cha masalia. Fundi akafumua lesi upande ule, akashika chaki. "Hapa?" "Pandisha kidogo." "Hapa?" "Hapo hapo." Nadhani hawajawahi kuongea kiasi hicho miaka yote. Mshono unaonekana, siwadanganyi. Dada kaolewa nalo hivyo hivyo.

Basi wewe unayepeleka kitenge chako Jumatatu ukitarajia miujiza Ijumaa, usiseme "nishonee vizuri". Vizuri ya nani? Onyesha kisichoguswa, weka alama ya chaki, patana bei na siku. Halafu sema hivi: "Ukikuta tatizo, nipigie kabla ya mkasi." Na wewe fundi, piga hiyo simu. Mteja akikasirika kwenye simu, shuka bado ni zima.

Mama na fundi wanasalimiana tena. Nawasilisha.