Kabla ya Rangi: Kumbukumbu za Bati, Puti na Kutu

Kutengeneza bodi ya gari la zamani kabla ya kulipaka rangi upya ni kazi ambayo sehemu yake kubwa haionekani inapokamilika, kwa kuwa yote aliyoyafanya fundi, kuanzia kukwangua rangi ya zamani na kukata bati lililooza hadi kunyoosha mibonyeo na kusugua msasa, huishia kufunikwa na tabaka la rangi ambalo, pamoja na praima yake, kwa kawaida halifikii hata robo ya milimita. Kwa sababu hiyo historia ya ufundi huu katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki haiwezi kusomwa kwa kutazama magari yanayong'aa barabarani, bali husomwa pale rangi inapokwanguliwa na kazi za mafundi waliotangulia kuanza kujitokeza moja baada ya nyingine. Kumbukumbu zinazofuata zinahusu kipindi cha zaidi ya miaka 30 jijini Dar es Salaam, na mfano wake mkuu ni gari moja aina ya Peugeot 504 ambalo mwandishi alilimiliki tangu mwaka 1986, na ambalo bodi yake ilitengenezwa mara tatu, kila mara kwa namna ya zama zake.

Peugeot 504, ambayo watu wengi waliita Pijo, ilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968 ikiwa na bodi iliyochorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia, na katika miaka iliyofuata yalitengenezwa zaidi ya magari milioni 3 ya aina hiyo. Katika Afrika Mashariki sifa yake ilijengwa juu ya sifa ya mtangulizi wake, Peugeot 404, ambayo ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo kuanzia 1966 hadi 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ukipatikana kwa mikono ya Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania, akiwa na Chris Rothwell. 504 yenyewe ilishinda mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Gari lililoweza kuvumilia barabara za mbio hizo lilihesabiwa kuwa gari la maisha, na mara nyingi injini na springi zake zilithibitisha hivyo. Kilichoshindwa kwanza kilikuwa bati.

Sababu yake ilikuwa katika muundo wa gari na katika hewa ya pwani kwa pamoja. Gari hili halina fremu inayojitegemea, yaani chesisi, ambayo bodi hukalishwa juu yake. Sakafu, kingo za chini ya milango na nguzo za pembeni zimeunganishwa kuwa kitu kimoja kinachobeba uzito wote, kwa hiyo kutu ikila kingo hizo haiharibu sura tu bali hudhoofisha uti wa mgongo wa gari. Land Rover za zamani ni tofauti, kwa kuwa zina chesisi ya chuma na mabati ya nje ya aloi ya alumini, uamuzi uliofanywa mwaka 1948 kwa sababu chuma kilikuwa kikigawiwa kwa vipimo nchini Uingereza baada ya vita, ingawa nazo huliwa pale alumini inapogusana na chuma mahali penye unyevu. Kutu, kwa maelezo mafupi, ni chuma kilichoungana na oksijeni mbele ya maji, na chumvi huharakisha muungano huo kwa kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi. Upepo wa bahari huleta chumvi hiyo mchana na usiku, huitua juu ya bodi, nayo mvua za masika huiyeyusha na kuipeleka ndani ya mashimo ya kutolea maji yaliyo chini ya milango, ambayo aghalabu huwa yamezibwa na mchanga na majani. Kutu ina tabia moja zaidi ambayo kila fundi bodi huijua hata kama hajawahi kuisoma: huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, na hivyo ikiingia kati ya mabati mawili yaliyobanwa pamoja huyasukuma na kuyatenganisha.

Mara ya kwanza bodi ya gari la mwandishi ilitengenezwa mwaka 1987, katika uwanja wa gereji uliokuwa na mwembe mmoja na turubai moja. Nchi ilikuwa bado inatoka katika miaka ya uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na ingawa tangu mwaka 1984 watu walikuwa wameanza kuruhusiwa kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, kupata madigadi mapya ya gari la Kifaransa lilikuwa jambo la kusubiri kwa miezi. Fundi mkuu wa gereji hiyo, mzee aliyejifunza kazi kwa mafundi wa Kikalasinga kabla ya Uhuru, hakusubiri. Alikata kiraka kutoka ubavuni mwa pipa la mafuta la lita 200, akakikunja juu ya kipande cha reli hadi kikafuata umbo la ukingo wa gurudumu, kisha akakichomelea kwa gesi aliyoizalisha mwenyewe kwa kudondoshea maji juu ya kabaidi, mawe ya kijivu ambayo yakikutana na maji hutoa asetilini.

Hapo ndipo ulipoonekana ufundi ambao leo ni adimu, na ambao unastahili kuelezwa kwa urefu. Ndimi za moto wa gesi huzidi nyuzi joto 3,000, na bati la bodi, ambalo halifiki unene wa milimita moja, haliwezi kuupokea moto wa namna hiyo bila kupinda. Hutanuka linapopata moto, hujikunja linapopoa, na mwisho hubaki limelegea kama ngozi ya ngoma iliyopata umande. Mzee huyo alilirudisha kwa nyundo mbili na kipande cha chuma kizito chenye mgongo laini, alichokishika upande wa pili wa bati ili kipokee pigo la nyundo. Pale bati lilipokuwa limetanuka kupita kiasi hakulipiga zaidi, kwa sababu kila pigo linaloangukia kati ya vyuma viwili hulifanya liwe jembamba na pana zaidi; badala yake alilipasha moto doa dogo, lisilozidi sarafu, hadi likawa jekundu, akaligonga kuzunguka pembe zake, kisha akalipoza kwa kitambaa chenye maji, nalo likajivuta na kukaza eneo lote la jirani. Aliyarudia madoa hayo kwa mpangilio aliouona yeye peke yake. Hakutumia rula. Alivaa soksi kuukuu mkononi, akapitisha kiganja juu ya bati kwa mwendo mrefu usiokatika, akifumba macho, na alipofungua macho aliweka alama ya chaki mahali ambapo mtu mwingine asingehisi chochote. Mwandishi hajakutana tena na mkono wa namna ile, na anaamini kwamba kupotea kwake ni hasara ya kweli kwa taifa, sawa na kupotea kwa lahaja au ngoma.

Rangi yenyewe haikuchukua muda mrefu. Ilikuwa ya selulosi, aina ambayo viwanda vya magari vya Marekani vilianza kuitumia mwaka 1923 na ambayo ilipunguza muda wa kukausha rangi kutoka majuma hadi saa. Ilifaa chini ya mwembe kwa sababu ilikauka kabla vumbi halijatua kwa wingi, na kasoro zake ziliweza kusuguliwa siku ya pili. Hata hivyo haikupulizwa wakati wa masika, kwa kuwa thina, yaani kiyeyushio cha rangi, ikifuka haraka huupoza uso wa bati, unyevu wa hewa ukagandia pale, na rangi ikaota ukungu mweupe.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1997, na dunia ya gereji ilikuwa imekwisha kugeuka. Magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yakishuka bandarini kwa wingi, mlango mzima wenye rangi yake uliweza kununuliwa dukani, na wateja walizoea kuacha gari Ijumaa na kulichukua Jumatatu. Kilichowezesha kasi hiyo kilikuwa puti. Neno hili kwa mafundi wa Dar es Salaam lina maana ya kinamo cha resini ya poliesta kilichochanganywa na unga laini wa madini ya talki, ambacho kikitiwa kigumishi, au hadina kama wanavyokiita wenyewe, hugeuka kuwa kigumu ndani ya dakika chache na kukubali msasa. Kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1950 ili kushika nafasi ya aloi ya risasi na stani, ambayo mafundi wa zamani waliiyeyusha na kuipaka kwenye maungio kwa kipande cha mti, na ambayo vumbi lake lilikuwa sumu. Kwa upande huo puti ilikuwa neema, na si haki kuilaumu yenyewe.

Lawama inaangukia matumizi yake. Puti imekusudiwa kusawazisha mawimbi madogo yaliyobaki baada ya bati kunyooshwa, kwa unene usiozidi milimita 3 hivi, juu ya chuma safi kilichokwanguliwa. Ikiwekwa juu ya kutu, kutu huendelea kukua chini yake. Ikiwekwa nene, hupasuka kwa sababu haitanuki sawa na chuma. Na ikisuguliwa kwa msasa wa maji kabla ya kufunikwa na praima, hunywa maji na kuyahifadhi karibu na bati. Gereji iliyopewa gari mwaka huo, ambayo haina haja ya kutajwa, ilifanya yote matatu. Gari lilitoka liking'aa kuliko lilivyong'aa mwaka 1987, na familia nzima ilifurahi. Masika ya pili hayajaisha, malengelenge yalikuwa yameota juu ya madigadi yote mawili na chini ya mlango wa dereva. Gari liliegeshwa, kwanza kwa miezi, kisha kwa miaka.

Mwaka 2019 lilipelekwa kwa fundi kijana aliyesomea chuo cha ufundi, na jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kupitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaani kuzunguka bodi nzima. Sumaku ilinata pale palipokuwa na chuma na ikateleza pale palipokuwa na puti. Katika ukingo wa chini ya mlango iliteleza kwa urefu wa mkono mzima. Rangi na puti vilipokwanguliwa zilionekana kazi za miaka yote: rangi ya 1997, chini yake puti iliyofikia unene wa kidole, iliyoshikiliwa na wavu wa waya uliosukumwa ndani ya tundu, kisha mabaki ya selulosi ya 1987, na chini kabisa rangi ya kiwandani. Kiraka cha pipa kilikuwa bado kizima. Mabati yaliyokizunguka, ambayo mzee hakuyagusa kwa kuwa wakati wake yalikuwa mazuri, ndiyo yaliyokuwa yameliwa.

Fundi huyo aliyakata mabati mabovu hadi akafika penye chuma king'aacho, hata pale ambapo tundu lilikua maradufu mbele ya macho ya mwenye gari, jambo ambalo huumiza kulitazama lakini ndilo pekee lililo sahihi. Alichomelea viraka vipya kwa mashine ya umeme inayolisha waya na kuukinga kwa gesi, akiruka kutoka nukta moja hadi nyingine iliyo mbali ili joto lisikusanyike mahali pamoja. Pale palipokuwa na kutu ya juujuu alipaka asidi ya fosfori, inayoigeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka tulivu, akaisafisha, kisha akapiga praima ya epoksi siku ileile. Puti aliitumia, lakini kwa kiasi kilichoacha kivuli cha chuma kikionekana katikati yake. Badala ya kiganja chenye soksi alipuliza ukungu mwembamba wa rangi nyeusi juu ya praima, akasugua kwa msasa uliofungwa kwenye kipande kirefu cha ubao, na pale weusi uliposalia palikuwa na bonde, na pale chuma kilipochungulia palikuwa na kilima. Ni njia inayoweza kufundishwa kwa mtu yeyote mwenye subira, na hilo ni jema, kwa kuwa kiganja cha mzee hakikuweza kurithishwa.

Jambo moja lililobadilika na ambalo bado halijaeleweka vya kutosha katika gereji nyingi ni hatari ya rangi yenyewe. Rangi za sasa zenye hadina zina isosianati, kemikali ambayo mvuke wake unaweza kumsababishia mpulizaji pumu isiyopona, na kitambaa kinachofungwa puani hakiuzuii. Kinachohitajika ni kinyago kinachomletea fundi hewa safi kutoka mbali. Fundi wa 2019 alikuwa nacho, lakini majirani zake watatu katika uwanja uleule hawakuwa nacho.

Kwa yeyote mwenye gari la zamani anayefikiria kulipaka rangi upya, mwandishi ana ombi moja. Asingoje kuitwa gari likiwa limekwisha kung'aa, bali apatane na fundi mapema kwamba atafika siku ambayo bodi iko tupu, kabla ya puti na kabla ya praima, aje na sumaku yake na aingize mkono chini ya kingo. Siku hiyo haina ya pili, kwa sababu katika hewa ya pwani bati lililo wazi huanza kuota kutu kabla ya asubuhi inayofuata.