Hema, Jiko la Kuni na Usiku Mrefu wa Minnesota

Mwishoni mwa Desemba, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi na nusu jioni limekwisha kuzama. Familia nyingi zenye asili ya Afrika Mashariki zilizohamia jimbo hilo huyapitisha majira hayo ndani ya nyumba, mapazia yamefungwa. Sisi tuliamua kutoka. Tulikuwa watu saba wa nyumba moja: wazazi wawili, watoto wanne, na Bibi mzaa baba, aliyekulia milimani Lushoto na ambaye hakukubali kuachwa nyuma. Tulitoka Minneapolis kwa gari, mwendo wa saa nne na ushei, hadi mji mdogo wa Ely, si mbali na mpaka wa Kanada. Hapo ndipo unapoanza msitu wenye maziwa yasiyohesabika, ambayo wakati huo yote yalikuwa yameganda, na hata gari lingeweza kupita juu ya baadhi yake.

Hema tulilochukua tuliazimwa na jirani yetu, mwindaji wa siku nyingi. Si lile la nailoni ambalo mtu huingia kwa kutambaa. Hili ni la turubai zito la pamba, lina umbo la nyumba: kuta zilizosimama wima hadi kifuani, na juu yake paa la migongo miwili. Mahema ya namna hii yana historia ndefu Amerika ya Kaskazini. Maofisa wa jeshi waliyatumia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na wachimba dhahabu waliokimbilia Klondike mwaka 1897 na 1898 waliishi humo wakiwa na majiko ya bati na chuma. Bibi alipoona linavyosimamishwa alicheka, akasema kuwa hii ni nyumba ya udongo isiyo na udongo: kuna mwamba wa juu, kuna nguzo, kuna makombamoyo, kilichokosekana ni fito tu.

Katika theluji, kazi huanza miguuni. Mahali pa hema hukanyagwa na watu wote, mbele na nyuma, hadi theluji ishikamane. Kisha huachwa kwa muda wa nusu saa au zaidi ili igande na kuwa ngumu. Asiyesubiri hujikuta usiku akizama kila anapoweka goti. Vigingi navyo havina maana hapo, kwani theluji laini haishiki kitu. Badala yake kamba hufungwa katikati ya kipande cha gogo, gogo likalazwa ndani ya shimo na kufukiwa, theluji ikakanyagwa juu yake. Baada ya muda mfupi hata mtu mwenye nguvu hawezi kuling'oa. Watoto waliipenda kazi hii ya kuzika magogo kuliko zote, nasi tuliwaachia.

Sehemu ya chini ya ukuta ina upindo mrefu wa kitambaa unaolazwa sakafuni kuelekea ndani, na juu yake huwekwa mkeka au turubai la kukalia, ili upepo usipenye.

Kisha jiko. Ni sanduku la chuma lenye miguu, na dohani yake hutoka kupitia tundu la paa lililozungushiwa pete ya kitambaa kisichoshika moto. Jiko jipya haliwashwi ndani mara ya kwanza. Huwashwa nje, ili mafuta na rangi ya kiwandani viungue huko. Chini ya miguu yake, kwa kuwa joto huyeyusha theluji na jiko likainama, huwekwa magogo mabichi au ubao uliofunikwa bati. Dohani lazima ipande juu kuliko kilele cha paa, na mdomoni iwe na wavu wa chuma wa kuzuia cheche, kwa maana cheche moja ikitua kwenye turubai huacha tundu, na mvua ya kwanza itakayonyesha italitafuta tundu hilo. Kuni ziwe za miti iliyokauka ikiwa imesimama, zikatwe fupi kwa kipimo cha jiko. Tulidhani tumekusanya za usiku mzima. Zilikwisha kabla ya Isha, ikabidi kurudi msituni kwa taa.

Nje kipimajoto kilionyesha nyuzi 24 chini ya sifuri. Ndani, usawa wa kichwa cha aliyekaa, tulivua makoti. Lakini joto hupanda na baridi hukaa chini: chupa ya maji iliyosahauliwa kando ya ukuta iliganda wakati mtu aliyekaa karibu na jiko anafuta jasho.

Hapo ndipo lilipozuka suala lililotushughulisha kuliko yote. Je, tulale na moto ukiwaka? Bibi alikataa katakata. Alikumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kuuacha moto ukiwaka majumbani watu wanapolala, na kwamba nyumba ilipoungua usiku Madina aliutaja moto kuwa ni adui wa watu. Baba alijibu kwa adabu kwamba Imam Nawawi, akiisherehesha hadithi hiyo, ameona kuwa taa ya kutundikwa haina ubaya ikiwa hakuna hofu ya kuunguza. Bibi akauliza: “Na wewe mwanangu, huna hofu?” Baba alinyamaza.

Hofu ipo, tena ya namna mbili. Ya kwanza ni moto wenyewe. Wasomaji wengi wanakumbuka msiba wa Mina, Aprili 1997, ambapo mahema yaliungua na mahujaji zaidi ya 340 wakafariki. Ndiyo sababu mahema ya Mina siku hizi ni ya nyuzi za kioo zilizopakwa Tefloni, yasiyoshika moto. Turubai la pamba halina kinga hiyo. Ya pili haionekani wala hainuki: gesi ya kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu katika nyanda zetu za baridi wanapoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Turubai kavu hupitisha hewa, lakini pumzi za watu saba zikiganda juu yake hugeuka sakitu na kuziba vinyweleo vya kitambaa. Kwa hiyo tuliacha wazi tundu la juu nyuma ya hema na nafasi ya kiganja chini ya mlango, tukatundika king'ora kidogo cha gesi usawa wa vichwa vya waliolala, ndoo ya maji ikawekwa karibu, na kisu kikafungwa kwenye nguzo ya nyuma ili, moto ukiziba mlango, ukuta uchanwe.

Hata hivyo Bibi hakuridhika hadi tulipokubaliana kwamba moto hautaachwa peke yake hata dakika moja. Tulikesha kwa zamu za saa mbili mbili, baba, mama na kijana wetu mkubwa. Asiyeweza kukesha, jiko lizimike na sote tuvumilie mablanketi. Theluthi ya mwisho ya usiku aliiomba Bibi mwenyewe, kwa kuwa huamka wakati huo kila siku. Aliyezinduka alimwona ameketi kwenye kigoda, amejifunika shuka mbili, tasbihi mkono mmoja na ukuni mkono mwingine.

Maji ya udhu yalitokana na theluji iliyoyeyushwa juu ya jiko. Ndoo iliyojaa theluji hutoa maji kidogo mno. Kibla kiliwashangaza watoto, maana Bibi amezoea kuelekea karibu kaskazini kamili, na hapo tulielekea kaskazini mashariki. Dira tuliisoma nje, mbali na jiko, kwa kuwa chuma huvuta sindano yake.

Siku ya tatu tulibomoa. Jivu lilitolewa likiwa limepoa kabisa, dohani ikakung'utwa masizi, na hema likakunjwa likiwa gumu kama ubao kwa barafu. Turubai likihifadhiwa na unyevu huota ukungu na kuoza, basi tulipofika nyumbani tulilitundika katika banda la gari, madirisha wazi, kwa siku nne. Jirani alipokuja kulichukua alilinusa, akapitisha mkono kwenye mishono yote, akahesabu kamba, kisha akauliza kama Bibi atapenda kwenda tena mwezi Februari.