Chachu ya jana

Kwenye jiko la bibi yangu, pale Ng'ambo ya mji wa Unguja, kila chombo kilisuguliwa kwa makumbi na majivu mpaka kikang'aa, isipokuwa kitungi kimoja cha udongo. Hicho kilikatazwa kuoshwa. Ndani yake kulikuwa na rojo la unga lililobakizwa jana, limefunikwa kwa kipande cha kanga, na kila jioni bibi alilitilia unga mpya na maji kama anayemlisha kuku. Asubuhi rojo lilikuwa limefura na kutoa mapovu. Alichota sehemu ya kuumulia mkate, sehemu akaiacha.

Mkate wenyewe ulikuwa wa ufuta. Siku hizi unauzwa Darajani kila Ramadhani na watu wanaujua kwa sura, lakini wachache wamewahi kukaa karibu na anayeupika. Chuma hupashwa moto bila tone la mafuta, kwa kuwa unga unatakiwa ugande. Bibi alikuwa akichovya vidole kwenye maji, akiutandaza unga duara kwa mizunguko miwili mitatu ya kiganja, akipaka tui na kunyunyiza ufuta. Upande wa chini ukishaiva, alikipindua chuma chote juu ya seredani, mkate ukaning'inia ukitazama makaa. Hauanguki. Ufuta unapasuka kidogo kidogo, tui linakauka na kuwa kahawia, na watoto wa nyumba ya tatu wanajua kuna nini kwetu.

Unga, tui, chumvi, ufuta, chachu. Yai halikuwamo, wala maziwa, wala samli. Hakuna aliyeuona huo kuwa msimamo. Mnazi ulikuwa uani, ng'ombe hatukuwa naye, na mayai ya kuku wetu yaliuzwa ili yapatikane mafuta ya taa. Bibi alikuwa akisema kwamba zamani zaidi, kabla yake, mikate iliumuliwa kwa tembo la mnazi. Habari hiyo aliitoa kwa sauti ya chini, maana tembo ni tembo hata likiingia kwenye mkate.

Miaka ya mwanzo ya sabini nilikuwa mtoto wa kutumwa foleni. Mchele, sukari na unga vilipimwa kwa mgao, na hamira ya dukani ilikuwa ikionekana na kupotea. Kitungi hakikujali. Utu uzimani ndipo niliposoma kwamba mwaka 1971, mwaka wa foleni zile zile, watafiti wawili wa Marekani, Leo Kline na T. F. Sugihara, walichapisha kazi yao juu ya mkate mchachu wa San Francisco. Waokaji wa mji ule walikuwa wakiitunza chachu yao miaka na miaka, nayo haiharibiki. Wale watafiti wakakuta ndani yake wakaazi wa aina mbili: hamira ya asili, na bakteria wanaotia uchachu. Bakteria hula maltosi, sukari inayotoka kwenye wanga wa unga. Hamira ile haiigusi maltosi, inakula sukari nyingine, kwa hiyo hawanyang'anyani chakula. Na asidi wanayoitoa bakteria, ambayo huwafukuza wavamizi wengi, hamira hiyo inaistahimili. Kitungi cha bibi hakikupimwa na mtu, lakini nikisoma habari zile nilikuwa nakiona hicho.

Mwaka 1984 Ali Hassan Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar, na kabla hata hajaitwa Mzee Ruksa biashara ikalegezwa. Maduka yalijaa. Vitambaa, redio, sabuni za kunukia, na hamira ya chengachenga ndani ya pakiti. Wapo wanaosema hamira hiyo ndiyo iliyouharibu mkate wetu. Mimi siwaungi mkono, kwa sababu nilimwona bibi alivyoipokea. Miaka yote alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kukichungulia kitungi, hasa siku za kipupwe rojo linapochelewa kufura. Sasa alitia kijiko kimoja, akasali, akalala tena. Kitungi kiliwekwa juu ya kabati, na baadaye kikapandwa mrehani.

Kilichobadilika zaidi, kwa maoni yangu, ni yale yaliyofuata pakiti. Mkate ulioumuka kwa saa moja haukuwa na ladha ya kutosha, ikabidi itafutwe kwingine. Mama alianza kutia maziwa ya unga. Kisha yai. Kisha siagi ya kopo na sukari iliyozidi. Nyumba iliyotia mayai matatu ilisifiwa kuliko iliyotia moja, na mgeni akipewa mkate wa tui mtupu alidhani wenyeji wamepungukiwa. Hivyo tukafika miaka ya tisini tukiwa tunakula keki na kuiita mkate. Umeme ulipokatika kisiwani kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, seredani zilirudi uani na mkaa ukapanda bei, lakini chachu haikurudi. Hakuna aliyeikumbuka.

Ilirudi kwa simu. Mwaka 2020, watu wamefungiwa majumbani na hamira imetoweka madukani huko Uingereza, mtoto wa kaka yangu aliyeko London alinipigia kwa video.

"Shikamoo shangazi. Nataka nikuonyeshe kitu."

Akainua chupa ya kioo yenye rojo lililojaa mapovu.

"Marahaba mwanangu. Hicho bibi yetu alikuwa nacho kitungini."

Yeye alikuwa ameacha kula chochote kitokacho kwa mnyama, akauliza haraka: "Alikuwa akitia maziwa?"

"Maziwa ya nani?" nikamjibu.

Tangu hapo ninaoka. Maelekezo ya London, hata hivyo, hayakuandikiwa Unguja. Jikoni kwake chachu huchukua kutwa nzima kupanda. Kwangu, joto likiwa limepita nyuzi 30, ile niliyoilisha baada ya alasiri inakuwa maradufu kabla ya isha. Kwa gramu 500 za unga yeye hutia gramu 100 za chachu, mimi 50. Maji natoa kwenye jokofu, gramu 325, na masika yakiingia napunguza, maana unga wenyewe unakuwa umeshakunywa hewa. Chumvi gramu 10. Nakanda usiku, donge linalala ndani ya jokofu, na alfajiri naliweka kwenye sufuria zito la chuma, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya kifuniko. Oveni ninayo. Ganda linalotoka chini ya mkaa ni jingine.

Mkate huu hauoti ukungu upesi, jambo kubwa kwenye mji wa unyevu kama wetu, ambapo boflo la dukani lina madoa ya kijani siku ya tatu. Kuhusu ladha, majirani wamegawanyika. Mmoja aliuliza kwa upole kama umelala. Mama, ambaye alimwona bibi akikilisha kile kitungi tangu yeye mwenyewe ni mtoto, alikula kipande kizima, akafuta vidole. "Mzuri," akasema. "Kesho ninunulie boflo."

Ramadhani sijaribu. Futari ya ukoo mzima haiwezi kuingoja chachu, kwa hiyo nafungua pakiti, naumua, na kabla ya magharibi mkate wa ufuta uko mkekani, kwa tui peke yake, mayai tumeyaacha. Yule mtoto wa kaka alikuja mwaka jana, akaula kwa mchuzi wa maharage ya nazi, akaongeza, akaongeza tena. Kisha akaniambia kwamba, nisiudhike, lakini huu wa pakiti ameupenda zaidi.