Harufu ya Mchele, Moshi wa Samaki

Kazi ya maabara niliianza kwa kunusa wali. Mkuu wetu wa kitengo wakati ule, mzee aliyejifunza ukemia enzi za mizani ya mkono na karatasi za kuchujia, hakutaka kijana yeyote aguse mashine kabla pua yake haijapata adabu. Bakuli zilifunikwa, tukakaa kimya, tukafunua moja moja: wali wa mchele wa Kyela, wali wa mchele mrefu kutoka nje, wali wa mchele uliolala ghalani mpaka mafuta yake yakaharibika. "Mwanangu," aliniambia, "mashine haijawahi kula." Hata leo nikimwandalia kijana ratiba ya mafunzo, naanza na bakuli.

Baadaye nikafikishwa kwenye kromatografia ya gesi. Mvuke wa chakula hupitishwa ndani ya mrija wa kioo wenye urefu wa mita 30 na upana usiofika nusu milimita, uliozungushwa ndani ya joko. Kila kemikali husafiri kwa mwendo wake, zikaachana njiani, zikatokea upande wa pili moja baada ya nyingine. Sehemu ya kinachotoka huingia kwenye kipimo, na sehemu huelekezwa kwenye faneli ambapo mtu huweka pua. Nilikaa pale na daftari nikiandika ninachonusa: majani mabichi, siagi, udongo uliolowa, sabuni. Kisha ikaja ile ya wali wenyewe. Kwenye karatasi ya mashine palikuwa na kichuguu kidogo usichokitambua usipoambiwa, lakini puani ilikuwa shughuli nzima ya harusi. Jina lake ni asetili-pirolini. Ron Buttery na wenzake ndio walioitaja mwaka 1982 kuwa ndiyo inayoupa mchele wa kunukia harufu yake, na pua ya binadamu huinasa majini hata ikiwa chini ya sehemu moja katika bilioni.

Kemikali hiyo hiyo imo kwenye ganda la mkate uliotoka jokoni, na imo kwenye bisi. Huko huzaliwa na moto. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na asidi za amino zinavyokamatana zikipata joto, zikabadilika rangi kuwa kahawia. Wakemia waliomfuata ndio walioonyesha kwamba humo ndimo inamotoka sehemu kubwa ya harufu tunazozipenda: kahawa iliyokaangwa, karanga, nyama choma, chapati iliyoshika madoa. Katika kahawa peke yake kuna kemikali za mvuke zaidi ya 800. Miaka ile nilidhani nitastaafu nikiwa bado nazihesabu, na wazo hilo lilinifurahisha.

Aprili 2002 ikaja habari kutoka Sweden iliyougeuza mwelekeo wa fani yetu. Chanzo chake kilikuwa mbali kabisa na jikoni. Mwaka 1997, kusini mwa nchi ile, reli ilikuwa inachimbiwa handaki katika mlima wa Hallandsås. Maji yalivuja, na ili kuziba nyufa wakapiga sindano ya kemikali yenye akrilamaidi ndani ya mwamba. Ikatoka na maji. Samaki wakafa kijitoni, ng'ombe wakapooza, wafanyakazi wakalalamika ganzi. Margareta Törnqvist na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stockholm wakapima damu ya wafanyakazi, na kama ilivyo desturi ya kipimo cha kweli, wakapima pia damu ya watu ambao hawakuwahi kufika handakini. Hao nao walikuwa na alama za akrilamaidi katika himoglobini.

Mtu mvivu angesema chombo kimechafuka, akatupa majibu. Wao waliuliza: watu hawa wameipata wapi? Wakawalisha panya chakula kilichokaangwa, alama zikapanda. Kisha wakapima vyakula vyenyewe. Viazi vilivyokaangwa, biskuti, mkate: imo. Kabla ya mwaka ule kuisha, makundi mawili ya watafiti yalionyesha njia yake. Asidi ya amino iitwayo asparajini, ambayo viazi vinayo tele, hukutana na sukari katika joto la zaidi ya nyuzi 120, na katika mchakato ule ule wa Maillard unaotupa rangi na harufu, akrilamaidi nayo huzaliwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikuwa limeshaiweka tangu 1994 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu.

Niliisoma taarifa ile nikairudia. Nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba sumu huingia katika chakula kutoka nje, kwa uzembe au udanganyifu wa mtu. Hapa ilikuwa imetoka tumboni mwa ladha yenyewe. Tukaanza kupima chipsi za mitaani, na yale tuliyowaeleza wakaangaji ni mambo ya mikono yao: viazi visilale kwenye baridi kali, kwani sukari huongezeka, vipande vilowekwe majini na kukaushwa kabla ya kuingia kwenye mafuta, chipsi zitolewe zikiwa za njano, zisingojwe ziwe za kahawia. Waliokuja kunihoji walitaka niseme chipsi zinaua. Sikusema hivyo, na nashukuru. Akrilamaidi ni jambo la kupunguza, wala si la kumfungia mtu kibanda.

Moshi wa samaki ulinigusa zaidi. Kando ya Ziwa Victoria kina mama wanabanika sangara, wateja wao wako hadi Kongo. Moto unapoivunja lignini ya kuni hutoa gwayakoli na siringoli, na hizo ndizo zinazomfanya mtu ajue kwa mbali kwamba samaki amebanikwa. Moto ukizidi, kuni zikiungua vibaya kwa kukosa hewa, na mafuta ya samaki yakidondokea makaa, huzaliwa pia benzopirini, ambayo ni kisababishi cha saratani kisicho na shaka. Nchi za Umoja wa Ulaya hukubali mikrogramu 2 tu katika kilo ya samaki wa moshi. Sampuli tulizochukua kwenye mabanda ya zamani zilipita kiwango hicho kwa mbali.

Mama mmoja nilimpelekea majibu yake mimi mwenyewe. Akaitazama karatasi, akanirudishia. "Sasa mwanangu, nifanye nini? Niache?" Karatasi ilikuwa na tarakimu mbili na sahihi yangu, basi. Nadhani swali la yule mama limeniongoza kuliko kitabu chochote nilichosoma chuoni. Tulirudi kwake na majiko: lile la Chorkor lililotoka Ghana, lenye chanja zinazopangwa juu ya nyingine, kisha lile la Thiaroye la Senegal, ambalo makaa yake huivisha samaki kwanza, mafuta yanakingwa na sinia, na moshi unaletwa mwishoni, ukitengenezwa pembeni. Benzopirini ilishuka sana. Kilichonipa furaha ni kwamba tulipoweka pua kwenye faneli, gwayakoli ilikuwapo. Samaki alibaki samaki wa moshi. Mama naye alionja kwanza, akanyamaza, akaonja tena, ndipo akakubali.

Lakini kwa ukanda wetu nikiulizwa nini kinaua, sitataja moshi wala chipsi. Nitataja sumukuvu. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, na ndivyo aflatoksini ilivyojulikana. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu yaliwaua watu 125 kati ya 317 waliougua. Kwetu Tanzania, mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilizika watu 20 kati ya 68. Hao ni wale waliokula nyingi kwa mara moja, ini likashindwa. Wanaokula kidogo kidogo miaka yote, saratani ya ini huwajia polepole, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yumo hatarini zaidi.

Na sumu hii haina harufu. Pua niliyofunzwa kwa miaka haina msaada wowote mbele yake. Haionjwi, haichemki ikaisha, ugali hauiondoi. Chini ya taa ya urujuanimno aflatoksini B hung'aa buluu, na mashine za leo huipima mpaka chini ya mikrogramu moja kwa kilo, wakati kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa jumla yake, na 5 kwa B1.

Ugumu wake uko kwenye gunia kabla haujafika kwenye mashine. Kuvu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu sumu yote ya gunia zima. Anayechota kiganja kimoja juu ya gunia atapata majibu mazuri ya mahindi mabaya, au mabaya ya mahindi mazuri, hata mashine yake iwe ya thamani gani. Kuna mfanyabiashara aliyewahi kuniletea kilo moja iliyochambuliwa punje kwa punje, akitaka cheti cha shehena nzima. Nilimwomba anipeleke ghalani.

Ndiyo maana siku hizi naonekana ghalani kuliko maabara, nikiwafundisha wakaguzi vijana kushika bambo. Linaingizwa kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini. Kinachotoka kinachanganywa, kinasagwa chote, ndipo kinapunguzwa kuwa sampuli. Wengi hulalamika kwamba kusaga kunachosha, na kweli kunachosha. Pamoja na sampuli tunataka maelezo: mahindi yalivunwa lini, yalianikwa chini au juu ya turubai, yalifungwa yakiwa na unyevu kiasi gani, yaliwekwa kwenye gunia la kawaida au mfuko wa kinga njaa usiopitisha hewa. Fomu hiyo nimeipigania. Mzigo ukifaulu, cheti kinatoka. Usipofaulu, tunakaa na mwenyewe na fomu yake mezani, tunatafuta ni siku ipi kati ya shamba na ghala ambapo kuvu ilipata nafasi, na mara nyingi tunaikuta kwenye zile siku za kuanika.